Je, lori la mjomba wangu lina dhambi?

Mjomba wangu hapigi simu usiku bila sababu. Kwa hivyo aliponipigia saa nne usiku nikiwa kejani Pipeline nikipasha muthokoi wa jana, nilijua kuna jambo.

“Kijana, wikendi hii uje nyumbani. Mgongo wangu umekataa barabara. Hili lori nataka ulichukue wewe.”

Nilinyamaza nikiangalia moto wa gesi. Wasee, hebu fikirieni. Mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili, anayeishi kwa kuandika blogu na vibarua vya hapa na pale, anayedaiwa kodi ya miezi miwili, anapewa lori. Bure. Ungekuwa wewe, ungeuliza swali gani zaidi ya “ufunguo uko wapi?”

Jumamosi asubuhi nikapanda matatu ya kwenda Wote, Kaunti ya Makueni.

Hilo lori nalijua tangu nikiwa mtoto. Ni tipa ya bluu iliyopauka, na nyuma imeandikwa “Jasho Halipotei”. Kwa miaka mingi limebeba mchanga kutoka mito ya kwetu likiupeleka Nairobi. Sare zangu za shule zilitoka kwa hilo lori. Karo yangu ya chuo, mihula mitatu, ilitoka kwa hilo lori. Kisha usiku mmoja likakamatwa likiwa limejaa mchanga usio na kibali. Likafungiwa kwa miezi, faini ikaja, karo ikakauka, nami nikarudi mtaani. Kwa hivyo mimi na lori tuna historia. Lilinipeleka chuo, na lilipokwama nikakwama nalo.

Shida ni susu, nyanya yangu, mama mzazi wa huyu mjomba. Susu hajawahi kupanda hilo lori hata siku moja. Hata goti lilipomzidi na ikabidi apelekwe hospitalini Wote, lori likiwa limeegeshwa hapo nje, alikaa chini akangoja bodaboda.

“Hilo gari lina dhambi,” alisema tena Jumamosi hiyo, tukiwa mezani.

“Mama, gari ni chuma,” mjomba akajibu. “Chuma hakina dhambi. Dhambi ni ya mtu.”

Mimi nilikuwa natafuna tu, lakini maneno yao yalinikaa kichwani. Maana ukiangalia vizuri, hilo ndilo swali lililonileta nyumbani. Kitu kilichotengenezwa na mtu, kisicho na moyo wala akili, kinaweza kuwa kiovu? Kinaweza kuwa chema? Kama hakiwezi, basi nichukue ufunguo niende. Kama kinaweza, ninachopewa si zawadi tu. Ni mzigo.

LORI LILILOCHOMWA KANYONYONI

Si susu peke yake anayefikiria hivyo huku Ukambani. Kumbuka yaliyotokea Kitui mwaka wa 2018.

Januari mwaka huo, Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku makaa na mchanga kusafirishwa nje ya Kaunti ya Kitui. Miti ilikuwa inaisha, mito inakauka, na malori yalikuwa yanapita kila siku. Muda mfupi baadaye, pale Kanyonyoni, kwenye barabara ya Kitui kwenda Thika, vijana walisimamisha lori lililobeba makaa wakalitia moto. Picha zilizunguka kwenye simu za watu nchi nzima. Wafanyabiashara wa makaa wa Limuru wakaandamana. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikamwita gavana ajieleze kuhusu matamshi yake. Februari, serikali ya kitaifa nayo ikasimamisha ukataji wa miti msituni kwa siku 90, amri iliyoishia kukaa miaka zaidi ya mitano, hadi 2023.

Sasa jiulize, lile lori lilikosa nini? Halikukata mti. Halikuchimba tanuri la makaa. Halikuamua bei ya gunia. Lilibeba tu kile lilichopakiwa. Na bado ndilo lililolipa.

Wahenga wa mbali nao walikuwa na mambo kama haya. Athens ya kale ilikuwa na mahakama iliyohukumu vitu. Jiwe au mbao ikimwangukia mtu akafa, kitu hicho kilishtakiwa na kutupwa nje ya mipaka ya nchi. Uingereza kwa karne nyingi ilikuwa na sheria kwamba kitu kilichosababisha kifo, kiwe mkokoteni au gurudumu, kinachukuliwa na ufalme au mwenyewe analipa thamani yake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1846, baada ya magari ya moshi kuanza kuua watu na mabwanyenye wa reli kuona faini zinawauma.

Unaweza kucheka. Lakini mimi naona watu hao hawakuwa wajinga. Mtu akifa, au mto ukifa, moyo unataka kuona kitu kinalipa. Mwenye kosa akiwa mbali, au akiwa mkubwa, au wakiwa watu elfu moja waliokosa kidogo kidogo, mkono unaenda kwa kile kilicho karibu. Kanyonyoni hawangeweza kumchoma kila mtu anayechoma nyama Nairobi. Lori lilikuwa hapo.

Ila moto ule haukupanda mti hata mmoja. Mwenye lori alibaki na hasara, na mwenye kula nyama choma hakujua kitu. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na waliowasha kiberiti. Kitu hakiwezi kutubu. Hakiwezi kuona aibu. Ukikiadhibu, umemaliza hasira yako tu.

KISU NI KISU TU?

Kwa hivyo mjomba yuko sawa? Hoja yake kila mtu anaijua. Kisu kinakata kitunguu, kisu hichohicho kinaua mtu. Kosa ni la mkono.

“Na hiyo nyumba unayolala Pipeline,” aliniambia akicheka, “imejengwa kwa nini? Kwa uji?”

Hapo alinipata. Orofa ninayoishi ni mchanga, kokoto, saruji na vyuma. Huo mchanga ulikuwa kwenye mto wa mtu. Kila plasta unayoiona Nairobi ilitoka mahali, na sehemu kubwa ya mahali hapo ni kwetu: Makueni, Kitui, Machakos. Nikisema lori ni ovu, basi mimi nalala ndani ya uovu na kuulipia kodi, tena kwa kuchelewa.

Lakini hoja ya kisu ina tundu. Kisu ni kitu rahisi sana, kinakubali kila kazi. Vitu vingi si hivyo. Mwaka 1980, msomi wa Marekani anayeitwa Langdon Winner aliandika makala akiuliza kama vitu vina siasa. Alitoa mfano wa madaraja mafupi ya New York, akisema yalijengwa chini hivyo ili mabasi, yaliyobeba maskini na watu weusi, yasiweze kupita kwenda ufuoni. Wasomi wengine baadaye walipinga hadithi hiyo ya madaraja. Swali lenyewe lakini halikufa.

Nasi tuna mfano wetu. Ukitoka Ukambani kuingia Nairobi, pale Mlolongo unakutana na barabara ya juu, ile ya kilomita 27 inayofika Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Bodaboda haziruhusiwi. Tuktuk haziruhusiwi. Mwenye miguu hana nafasi. Wa gari analipa ndipo apite. Hiyo barabara haina kinywa, lakini imeshasema inamtaka nani. Haihitaji polisi asimame hapo akikutukana. Zege linaongea lenyewe.

Au angalia jiko la kauri, lile la bati lenye udongo ndani. Lilitokea Kenya miaka ya themanini, wazo lake likiwa limechukuliwa kwa sehemu kutoka majiko ya Thailand. Linatunza joto na kula makaa kidogo kuliko jiko la bati tupu. Mama akilitumia anaokoa miti hata kama hafikirii miti kabisa, anafikiria tu bei ya mkebe wa makaa. Wema umeshajengwa ndani ya udongo.

Kwa hivyo kitu hakina dhambi jinsi mtu alivyo nayo, sawa. Ila kitu kinabeba uamuzi. Mtu fulani alikaa chini akaamua kiwe kirefu au kifupi, kizito au chepesi, cha wengi au cha wachache. Uamuzi huo unabaki ndani hata yeye akishaenda zake kulala.

MCHANGA ULEULE, VITU VIWILI

Jumapili baada ya kanisa nilimsindikiza susu mtoni. Anasema mtoni, lakini ukiwa wa Nairobi ungetafuta maji usiyaone. Mito mingi ya huku ni ya msimu. Inafurika kwa siku chache mvua ya Oktoba hadi Desemba ikija, na tena ile ya Machi hadi Mei, halafu inabaki njia ya mchanga mkavu. Maji yako chini, ndani ya mchanga. Unachimba shimo, unangoja, yanajitokeza yakiwa yamechujwa.

Hapo kuna ukuta wa mawe na saruji umekatiza mto kutoka ukingo huu hadi ule. Unaitwa bwawa la mchanga. Kazi yake ni rahisi lakini tamu. Mto ukifurika, maji yanakuja na mchanga. Ukuta unauzuia mchanga, na misimu ikipita unajaa hadi juu. Ndani ya mchanga huo, kati ya asilimia 25 na 40 ya ujazo wake inaweza kuwa maji. Jua haliyanyonyi kirahisi, mbu hawazalii humo, ng'ombe hawayachafui. Eneo la Kola kule Machakos, Joshua Mukusya na majirani zake walianza kikundi cha Utooni mwaka 1978, kilichokuja kujenga mabwawa mengi ya aina hii. Kitui nako, shirika la Sasol limejenga mamia tangu miaka ya tisini. Vikundi vya wanakijiji, kina mama wakiwa wengi, ndio waliobeba mawe.

Susu alibeba mawe ya huu ukuta wetu. Alinionyesha sehemu “yake”, kana kwamba ni chumba cha nyumba yake.

Halafu tukashuka chini kidogo, kama mwendo wa dakika kumi. Huko hakuna mchanga. Ni mwamba tupu umetokeza kama mifupa. Malori yalipita hapo miaka na miaka. Mvua ikinyesha sasa, maji yanateleza juu ya mwamba yanaenda zake Athi, yanaingia baharini, hayamngoji mtu. Waliokuwa wakichota hapo siku hizi wanapanda mpaka kwa ukuta wetu na mitungi yao, na foleni ikiwa ndefu maneno yanakuwa makali.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini susu hapandi lori. Ukuta na lori vinashughulika na mchanga uleule. Vyote vimetengenezwa na watu, vyote havina moyo. Ukuta ukishasimama, anachota aliyechanga na asiyechanga, hata yule jirani aliyekuwa akipita akiwacheka wanaobeba mawe. Lori likishaondoka, mchanga unakuwa hela ya watu watatu wanne, na anayebaki akilipa ni mama wa chini ya mto ambaye hata hakujua usiku huo kulikuwa na biashara.

Hata hivyo nisidanganye. Ukuta nao si malaika. Mchanga uliojaa nyuma yake ni kama ghala lisilo na mlango, na wezi wa mchanga wanalijua hilo. Na mawe na saruji ya ukuta huo, susu mwenyewe alikiri kwa shingo upande, vililetwa na lori. La mjomba. Hakulipanda, lakini alipokea mzigo.

Hata Kaunti ya Makueni haikusema lori ni haramu. Wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, mwaka 2015, ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, na mamlaka ikaundwa ya kuusimamia. Ona maneno hayo mawili yamekaa pamoja, kuhifadhi na kutumia. Sheria hiyo haikutokea hewani. Vita vya mchanga huku vilikuwa vimeshaua watu. Mwaka 2011, afisa wa polisi aliyepinga biashara hiyo aliuawa.

KITU KINACHOOGOPWA KULIKO BUNDUKI

Kuna kitu kimoja cha Wakamba ambacho lazima nikitaje, maana kinaligusa swali letu moja kwa moja. Kinaitwa kithitu.

Kithitu ni kitu kilichotengenezwa na mtu, mara nyingi vitu vya nguvu vilivyofungwa pamoja au kutiwa ndani ya pembe, na kinatumika kuapia. Watu wawili wakigombania shamba, na hakuna shahidi, wanaitwa waape mbele yake. Kwa Kikamba wanasema mtu “anakula” kithitu, kama vile Kiswahili kinavyosema kula kiapo. Anayeapa uongo anaaminika atakufa, na si yeye tu, jamaa zake nao wanaweza kumfuata. Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu Wakamba kilichotoka 1920, alikieleza. Wakoloni wenyewe, pamoja na majaji na vitabu vyao, walikubali baadhi ya kesi ziamuliwe nacho. Hadi leo ukisoma hukumu za kesi za ardhi za huku utalikuta hilo neno.

Susu ni mama wa kanisa. Hawezi kukuambia anakiamini kithitu. Lakini ukikitaja sauti yake inashuka, na anasema kitu kama hicho hakiwekwi ndani ya nyumba.

Nilimuuliza, “Sasa susu, hicho nacho ni kizuri au kibaya? Kinaua watu.”

Akasema, “Hakimfuati mtu nyumbani. Ni mtu ndiye anakiendea na mdomo wake.”

Nimelifikiria jibu hilo sana. Uamini nguvu zake usiziamini, hiyo ni shauri yako. Ninachokiona mimi ni namna kinavyofanya kazi. Kithitu hakijui mpaka wa shamba. Nguvu yake yote iko kwa kuwa mtu anasimama mchana, mbele ya watu wanaomjua, anasema kwa sauti: mimi nilifanya hivi, na kama nadanganya, nilipe mimi na watu wangu. Kinamfunga mtu na maneno yake. Hakuna pa kujificha.

Nikarudi kuliangalia lori kwa jicho hilo.

SWICHI NYEKUNDU

Jumapili jioni mjomba aliniketisha kwenye kiti cha dereva. Akanifundisha tabia za gari, maana kila lori lina tabia zake: gia ya pili inahitaji upole, breki zinataka kupigwa mara mbili, mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba. Akanionyesha zile mbao alizoongeza pembeni ili libebe zaidi. Kisha akainama chini ya dashibodi, akanishika kidole akakiweka juu ya swichi ndogo nyekundu.

“Hii,” alisema, “inazima taa zote. Za mbele, za nyuma, za breki, zote. Ukitoka mtoni usiku hakuna anayekuona mpaka ufike lami.”

Hilo lori halikutoka kiwandani na swichi hiyo. Kuna usiku mjomba alimwita fundi, wakakaa na tochi, wakavuta nyaya, wakaitia. Swichi ni kitu kidogo sana, kama shilingi mia mbili hivi dukani. Lakini ina kazi moja tu duniani. Huwezi kukatia kitunguu. Haibebi mawe ya bwawa. Kazi yake ni kumfanya mtu asionekane na wale atakaowaachia mwamba mtupu.

Nilipomwambia susu kuhusu swichi, hakushtuka hata kidogo.

“Nilijua tu,” alisema. “Kama halina dhambi, mbona linakuja usiku?”

Mazee, nimesoma mihula mitatu chuoni na sikuwahi kusikia swali lililonyooka kama hilo.

Tangu hapo nimekuwa nikipima vitu kwa swali la susu. Sio “kitu hiki ni kizuri au kibaya?” maana hapo tutabishana hadi kesho. Ninajiuliza, je, mwenye kitu hiki anaweza kusimama nacho mchana, mbele ya wale kinaowagusa, aseme kinafanya nini? Mwenye bwawa la mchanga anaweza. Fundi wa jiko anaweza. Lori lenye kibali, likipakia mahali palipotengwa, saa za mchana, mbele ya wenye mto waliokubali na kulipwa, linaweza. Lori lenye swichi nyekundu haliwezi, na swichi ndiyo ushahidi. Mwenyewe alishajihukumu siku aliyoitia.

Jaribu na vitu vyako. Programu ya mikopo kwenye simu inayotaka isome namba za ndugu zako wote kabla ya kukupa mia tano, ingeweza kukuambia waziwazi itazifanyia nini ukichelewa kulipa? Mashine ya kamari pale dukani, yenye taa za rangi, ingeweza kuandikwa kwa herufi kubwa ni wangapi wanapoteza? Mizani ya muuza nyama iliyochezewa kidogo, je? Chuma ni chuma, sawa. Lakini kuna mtu alikaa usiku na tochi akavuta nyaya.

Na hii ndiyo sababu hoja ya mjomba, kwamba dhambi ni ya mtu na si ya chuma, inamgeukia. Ni kweli dhambi ni ya mtu. Ila mtu ana tabia ya kuificha ndani ya chuma, kisha anampa mwingine ufunguo. Ningelichukua lori vile lilivyo, kila usiku kidole changu kingejua pa kwenda. Ningesema sikuamua mimi, nilikuta swichi. Na mtu baada yangu angesema vivyo hivyo. Ndiyo njia ambayo mto unakufa na hakuna aliyeuua.

NIMEAMUA NINI

Sikulichoma lori. Wala sikulikataa. Karo yangu ilitoka humo, na njaa ya Nairobi naijua.

Jumatatu asubuhi nilimwambia mjomba nitalichukua kwa masharti mawili: swichi itoke, na mchanga wa usiku uishe. Nitabeba mawe, nitabeba matofali, nitabeba maji kwa wanaojenga, na msimu ukifika nitabeba maembe. Makueni ni nyumbani kwa maembe, kila mtu anajua. Mchanga ukipatikana kwa kibali na mchana, sawa, nitaubeba, maana nyumba lazima zijengwe na mimi mwenyewe nalala ndani ya moja.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. “Maembe ni miezi michache! Miezi ile mingine utakula nini? Swichi?”

Sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Nimepiga hesabu kwenye daftari mara tatu, dizeli, bima, matairi, utingo, na kila mara hesabu inanitazama vibaya. Kuwa mwema kwa lori la mtu kunahitaji doo ambazo sina. Watu wanaotuhubiria vijana tuache mchanga, tuache makaa, wengi hawajawahi kukaa chini na hiyo daftari.

Lakini fundi wa Wote alikuja. Alichukua dakika kumi na tano na shilingi mia tatu. Mjomba alisimama kando amekunja mikono, hakusema kitu, ila hakumzuia. Swichi iko hapa mezani kwangu Pipeline ninapoandika haya, ikiwa na vipande viwili vya waya vimening'inia. Ndogo kweli. Ukiiona hungedhani.

Nilipokuwa naaga, nilimwambia susu sasa lori ni safi, anaweza kupanda nimpeleke kanisani Jumapili nitakaporudi.

Aliliangalia kutoka mbele hadi nyuma, akaliangalia na mimi.

“Lete kwanza hayo maembe,” akasema. “Mchana. Nikiyaona, tutaongea.”